Tuta haliwekwi panapouma

Jumanne asubuhi aliingia kliniki kwangu mwalimu mmoja wa sekondari, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaanza kuvua kiatu, maana mguu haukumpa nafasi ya salamu ndefu. Kiatu chenyewe ni simpo nyeusi, mbele imechongoka. Ndani kavaa soksi mbili, moja juu ya nyingine, zote nene za taulo. Na ndani ya soksi hizo kuna pamba iliyokunjwa ukubwa wa kitumbua kidogo, imebandikwa kwa plasta chini ya kidole cha pili na cha tatu, pale anapoamini panauma.

"Daktari wangu, nimeweka ulaini wote huo na bado panawaka. Tena tangu niweke ndiyo pamezidi."

Alikuwa wa nne mwezi huu. Kabla yake alikuja kijana anayebeba magunia ya viazi, amekata sponji la godoro akalitia kwenye raba. Kabla ya huyo, mama lishe wa Mwanjelwa hapa Mbeya, soksi tatu ndani ya buti. Wote wana imani ile ile: panapouma ndipo pa kuwekea ulaini, na ulaini ukizidi maumivu yanapungua. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naliandika.

Maumivu ya mbele ya unyayo tunayaita metatasalgia, na hilo ni jina la mahali, si jina la ugonjwa. Kinachouma kinaweza kuwa neva iliyovimba kati ya kidole cha tatu na cha nne, ile inayoitwa neuroma ya Morton kwa sababu Thomas Morton aliieleza mwaka 1876. Inaweza kuwa kano ya chini ya kiungo cha kidole cha pili iliyochanika. Inaweza kuwa mafuta ya unyayo yamesogea mbele kwa sababu vidole vimejikunja, mifupa ikabaki inakanyaga karibu peke yake. Inaweza kuwa sugu tu. Ninapobonyeza kwa kidole gumba, kichwa kimoja cha metatasali baada ya kingine (metatasali ni mifupa mirefu ya unyayo, na kichwa ni ncha yake ya upande wa vidole), kisha katikati ya vichwa, kisha nikaubana unyayo wote kwa pembeni, natafuta kujua ni kipi kati ya hivyo. Soksi inakuja baadaye.

Lakini karibu vyote vinashiriki jambo moja: kisigino kinapoinuka, uzito wa mwili unatua kwenye vichwa vya metatasali. Na huku kwetu kisigino kinainuka mno. Mtu anayekaa kwenye mitaa inayopanda kuelekea mlima Loleza anatembelea mbele ya unyayo kila anaporudi nyumbani, na akiwa na ndoo ya lita 20 kichwani, ongeza kilo 20.

Sasa ulaini. Chukua ubao mrefu ambao ncha yake imekubana kidole. Hutachomeka kitambaa kati ya ncha na kidole. Kitambaa kitakubana zaidi. Utasukuma jiwe chini ya ubao, nyuma kidogo ya ncha, ubao unyanyuke. Metatasali ndiyo ubao, na kichwa chake ndiyo ncha. Ukiweka pamba chini ya kichwa, umekipandisha kichwa hicho kuliko wenzake, na sasa kinapokea uzito mwingi kuliko kabla hujaweka kitu. Ukiweka kinundu nyuma ya kichwa, shina la mfupa ndilo linalobeba, kichwa kinapumzika. Kinundu hicho wagonjwa wangu wanakiita tuta, nami nimelichukua neno lao.

Kuhusu unene, ni hesabu ya nafasi. Kiatu hakitanuki. Soksi ya taulo inakula nafasi chini, juu na pembeni, na ya pembeni ndiyo inayoumiza, kwa sababu inasukuma vichwa vya metatasali vibanane, na neva inapita katikati yake. Mwenye neuroma ukimvalisha soksi mbili ndani ya kiatu chembamba umembana neva kwa mikono yako mwenyewe. Ndiyo maana yule mwalimu alisema pamezidi. Alikuwa anasema kweli, na nyumbani hakuna aliyemsadiki, maana kila mtu alimwambia aongeze soksi.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijaribu soksi zilizotengenezwa maalumu kwa ajili ya maumivu haya, kwanza kwenye miguu yangu, kisha kwa wagonjwa waliokubali. Zipo za aina nyingi, ila kwa kazi yetu tuzigawe hivi: zenye jeli au taulo nene chini ya vichwa, zenye kutenganisha vidole, na zenye tuta lililoshonewa nyuma ya vichwa pamoja na mkanda wa lastiki kiunoni mwa unyayo. Za kutenganisha vidole nimeziweka kando mapema. Zinasaidia ngozi inayosuguana na malengelenge, si mfupa. Za jeli ni ile pamba ya mwalimu kwa sura nyingine, ingawa ulaini nitaurudia. Zilizobaki ni za tuta.

Na hapa ndipo ninapogombana na watengenezaji. Pakiti inaandikwa 39–42. Namba za viatu tunazotumia ni za Ulaya, namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kutoka 39 hadi 42 ni hatua tatu, yaani sentimita 2 kamili. Vichwa vya metatasali vinakaa takriban asilimia 70 ya urefu wa unyayo ukipima kutoka kisigino, kwa hiyo vichwa vya mvaaji wa 42 viko karibu milimita 14 mbele zaidi ya vya mvaaji wa 39. Tuta linatakiwa likae kama milimita 5 hadi 10 nyuma ya vichwa. Umeona tatizo? Nafasi tuliyo nayo ni milimita chache, na pakiti moja inataka kuwahudumia watu wanaopishana milimita 14. Mmoja wao tuta litamkaa sawa. Mwenye mguu mdogo litamkaa juu ya kichwa kinachouma, tumerudi kwenye pamba. Mwenye mguu mkubwa litamkaa katikati ya upinde wa unyayo, anahisi kitu kinamchoma bila faida yoyote.

Mtu ataniambia soksi inavutika. Inavutika, na nimeliangalia hilo kwa makini. Kwenye mguu mrefu kitambaa kinavutika na tuta linasogea mbele kiasi. Lakini mkanda wa lastiki umekaza kiunoni mwa unyayo na tuta limeshonwa karibu nao, kwa hiyo sehemu inayovutika zaidi ni ya vidole na ya kisigino, si ile tunayoihitaji. Halafu soksi ikishafuliwa mara nyingi lastiki inalegea, tuta linaanza kuzunguka kwenda pembeni. Mgonjwa anasema soksi imeacha kufanya kazi, kumbe imehama.

Kipimo changu ni lipstiki. Tafuta kwa kidole mahali panapouma kuliko pote, ukiwa umekaa, na uweke nukta ya lipstiki hapo. Vaa soksi yenye tuta, ingia kwenye kiatu chako cha kila siku, tembea kutoka mlangoni hadi getini na kurudi. Vua, geuza soksi ndani nje. Nukta ikiwa mbele ya ukingo wa tuta, upana wa nusu kidole hivi, umepata. Ikiwa juu ya tuta, soksi hiyo si yako, hata kama umeshailipia. Lipstiki hiyo hiyo inafaa kwa soli ya ndani ya kiatu: kanyaga ukiwa na nukta mbichi, ichapike, kisha bandika tuta la feliti, kile kitambaa kinene kilichoshindiliwa, nyuma ya alama. Nukta nyekundu kwenye soli kuukuu inanieleza mambo mengi kuliko pakiti ya soksi.

Kupima kama soksi inapunguza maumivu ni kazi ngumu kuliko kupima mahali tuta lilipo, na hili wenzangu wengi wanalipita haraka. Mtu huja kwangu siku maumivu yamefika kileleni. Kutoka kileleni yatashuka, hata nisipompa kitu. Nikimpa soksi siku hiyo, soksi inapata sifa isiyo yake. Kwa hiyo namwomba mgonjwa abaki na soksi zake za zamani wiki mbili, nyembamba, ndani ya kiatu kipana, kila jioni aandike namba kati ya 0 na 10 kwenye daftari. Jioni, kwa sababu mchana mguu unavimba. Kisha wiki mbili za tuta, kiatu kile kile, njia ile ile. Kisha narudisha za zamani wiki mbili nyingine. Maumivu yakipungua nikiweka tuta na kurudi nikilivua, naanza kuamini. Wengi wanachukia hatua ya tatu, nami nawaelewa, lakini bila hiyo sijui kama nimetibu au nimesindikiza.

Na hata hapo kuna kasoro nisiyoweza kuiondoa: tuta linahisika chini ya mguu. Mgonjwa anajua amevaa nini, na huyo anayeniandikia namba ananipenda na anataka kunifurahisha. Kingine ni kwamba wagonjwa kadhaa walipata nafuu kubwa katika zile wiki mbili za kwanza, kabla ya tuta lolote. Kilichobadilika kwao ni kiatu kuwa kipana na soksi kuwa nyembamba. Hilo limenifanya nianze na kiatu kila mara, na soksi maalumu nizilete pale tu kiatu kimefika mwisho wa uwezo wake.

Kuna bibi wa Tukuyu aliyenivunjia kanuni. Nyayo zake zimekonda, ukibonyeza unagusa mfupa moja kwa moja, na vidole vimejikunja. Kitabu kinasema tuta. Nikampa tuta, lipstiki ikakaa sawa kabisa, na akashindwa kutembea. Tukalitoa. Nikamvalisha soksi nene ya taulo ndani ya katambuga zake zilizo wazi mbele, ambako hakuna kitu cha kubana, akatembea hadi kituo cha daladala akaniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mara tatu. Kwa hiyo ulaini una watu wake: wazee walioishiwa mafuta ya unyayo, wenye kiatu chenye nafasi. Nafikiri kwake shina la mfupa nalo lilikuwa halina cha kulifunika, tuta likawa jiwe. Ni maelezo yangu, na huenda mgonjwa ajaye wa aina yake akayapindua.

Haraka haraka, wasiotakiwa kujaribu soksi hizi kabla ya kuonwa. Mwenye kisukari ambaye hahisi uzi wa plastiki wa kupimia hisia, unaokandamiza kwa gramu 10, ukigusa unyayo wake: tuta linaweza kumtoboa kidonda asijue. Aliyeamka usiku kiungo cha kidole gumba kimevimba, chekundu, hakivumilii hata shuka: hiyo inaelekea kuwa gauti, inahitaji dawa. Na aliyeanza ghafla kutembea sana, sasa amevimba juu ya unyayo: huenda metatasali imepasuka kwa uchovu. Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliwaeleza askari wa namna hiyo mwaka 1855, miaka 40 kabla ya eksirei kugunduliwa na kuonyesha kilichokuwa kimevunjika.

Mwalimu tulimtoa pamba, tukamtoa soksi zote mbili. Nilipombana unyayo pembeni alishika kiti. Kidole cha pili kilikuwa imara, maumivu yalikuwa katikati ya cha tatu na cha nne. Pamba yake haikuwa hata mahali penyewe. Anavaa 37. Soksi ndogo kuliko zote nilizokuwa nazo ni 39–42, na nilipoigeuza baada ya kutembea korido, lipstiki ilikuwa juu kabisa ya tuta. Nikazirudisha kabatini.

Alhamisi alirudi na raba za bintiye, pana, soli ya ndani inatoka. Alikanyaga, nukta ikachapika, nikakata feliti umbo la tone la maji nikaibandika nyuma ya alama. Akasimama. Akasogea dirishani, akarudi, akaniuliza kama mkuu wa shule atamkubalia raba darasani. Nimemwandikia barua. Daftari lake lina jioni tatu sasa: 7, 7, 5.