Je, wajua? Ndege ya vita ina kiti ambacho mvaa miwani anaweza kukikalia

Swali la kama mvaa miwani anaweza kuingia kwenye ndege za jeshi nimelijibu vibaya kwa miaka, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hapa Mtwara hakosekani kijana anayetaka kwenda kwenye ndege za jeshi, na kwa bahati ya aina yake huyo huyo ndiye mvaa miwani wa darasa. Jibu langu lilikuwa moja: jeshi linataka macho makavu, yaani bila miwani, yasiyo na doa, tafuta kazi nyingine. Mwaka huu aliyeuliza ni mpwa wangu, "Mjomba, umesoma wapi hiyo?", na kwa desturi za kwetu mjomba hawezi kumjibu mpwa kwa kupunga mkono. Ikabidi nikasome kweli.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ndege ya vita si ya rubani peke yake. Katika Jeshi la Majini la Marekani, ambalo vigezo vyake vimechapishwa wazi, kuna afisa wa ndegeni asiyeshika usukani kabisa. Kazi yake ni rada, silaha, mawasiliano na njia ya safari. Ndege ya E-2 Hawkeye, ile yenye sahani kubwa mgongoni, hubeba watu 5: marubani 2 mbele, na nyuma yao maafisa 3 wa namna hiyo wamekodolea skrini. Anayetaka kuwa rubani huko anatakiwa asiwe chini ya 20/40 bila miwani, na akivaa afike 20/20. Anayetaka kuwa afisa wa ndegeni? Macho makavu hayana kikomo, mradi miwani imfikishe 20/20. Mstari huo niliusoma mara tatu. Vigezo hurekebishwa mara kwa mara, na kila nchi ina vyake, lakini tofauti kati ya viti hivyo viwili ni ya siku nyingi.

Sasa hiyo 20/20 yenyewe, ambayo ndiyo iliyonipoteza. Nilidhani ni maksi. Ishirini juu ya ishirini, kama imla ya darasa la tatu: umepata zote, huna cha kuongeza. Na 20/40 basi ni nusu, mtu kafeli. Sivyo hata kidogo. Namba ya juu ni umbali uliosimama wewe, namba ya chini ni umbali ambao mtu wa kawaida angesimama akasoma herufi ileile. Wamarekani hupima kwa futi, na futi 20 ni kama mita 6, ndiyo maana kwenye chumba cha macho cha hospitali zetu utaandikiwa 6/6. Ni kitu kilekile. Mwenye 20/40 lazima asogee hadi futi 20 aone kile ambacho mwenzake anakisoma akiwa futi 40. Wala 20/20 si kilele: vijana wengi wenye macho mazima husoma mstari unaofuata chini yake. Aliyeipanga chati hii ni daktari wa Kiholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Alikadiria jicho la kawaida, hakutafuta jicho bora. Kwa hiyo jeshi linaloomba 20/20 linaomba macho ya mtu wa kawaida, na hata miwani linaruhusu. Mimi nilikuwa nawatangazia watoto wa watu kwamba linatafuta tai.

Chukua herufi ya mstari wa 20/20. Ina kimo cha karibu milimita 9, na wino wake una unene wa kama milimita 1.75. Ipeleke mbali mara elfu, ikuze mara elfu: mita 6 inakuwa kilomita 6, na wino unakuwa mita 1.75, yaani mtu mzima aliyesimama. Nenda Newala, simama ukingoni pale Shimo la Mungu, tazama bondeni kuelekea Ruvuma. Mtu aliye kilomita 6 kutoka hapo, kwa jicho la 20/20, ni nukta moja. Huwezi kusema ni mtu au kisiki. Sasa weka ndege mbili zinazokuja uso kwa uso, kila moja kilomita 900 kwa saa. Zinakaribiana kwa mita 500 kila sekunde, na kilomita 6 zinaisha kwa sekunde 12. Mwenye 20/40 anaitambua nukta ileile ikiwa kilomita 3, yaani ana sekunde 6. Hesabu hii ni ya darasani, nakiri, kwa sababu kugundua kitu si sawa na kukitambua: nyota ni ndogo mno kuliko nukta hiyo, na tunaiona kwa sababu inang'aa. Ila inasaidia kuelewa kwa nini anayetua na ndege hataachiwa ategemee kabisa kioo ambacho kinaweza kudondoka puani, wakati aliye nyuma, mbele ya skrini iliyo nusu mita, anaachiwa. Huo ni ufafanuzi wangu. Waraka wenyewe hutoa namba bila maelezo.

Uzio lakini haujaondolewa wote. Huyo afisa wa nyuma naye ana kikomo cha nguvu ya lenzi, dayopta 8 hivi (rubani mtarajiwa asiyeona mbali huishia kwenye 1.50). Mpwa akauliza swali zuri: kama miwani imeshamfikisha 20/20, nguvu ya lenzi inawahusu nini?

Hapa nikamkumbusha banda la video. Projekta imepangwa picha itue sawasawa juu ya shuka iliyotundikwa ukutani. Siku ya mechi kubwa mwenye banda anasogeza shuka nyuma hatua moja ili watu waenee. Projekta ni ileile, lenzi ni ileile, ila sasa picha inatulia hewani kabla ya kuifikia shuka, na mpira unakuwa ukungu. Jicho lisiloona mbali ndivyo lilivyo: mara nyingi tufe lake zima limerefuka kwenda nyuma, na milimita moja ya ziada ni sawa na dayopta 2 na nusu hadi 3. Miwani ya kutoa, ile ya asiyeona mbali inayoandikwa kwa alama ya kutoa, inaisukuma picha irudi kwenye shuka. Mpira unaonekana, watu wanashangilia. Lakini banda halijafupishwa. Na tofauti na banda, kwenye jicho shuka haikusogezwa tu, imevutwa pamoja na kuta, kwa hiyo retina, yaani shuka ya ndani ya jicho, kwenye jicho refu sana huwa nyembamba na rahisi zaidi kuchanika. Miwani haiponyi hilo. Sidhani ni sababu pekee, maana lenzi nene nazo hupotosha picha pembeni, lakini inatosha kueleza kwa nini daktari wa jeshi huangalia namba ya miwani hata baada ya chati kusomwa vizuri.

Upasuaji wa kisasa wa leza, unaochonga konea (kioo cha mbele cha jicho), siku hizi unakubaliwa kwa masharti. Hata NASA iliuruhusu mwaka 2007. Ule wa zamani wa kuchanja konea mikato kama miale ya jua ni hadithi nyingine. Beck Weathers, daktari wa Texas, alifanyiwa huo kabla ya kupanda Everest mwaka 1996. Hewa ilipokuwa nyembamba, konea yake ilibadilika umbo na uoni ukamtoka akiwa mlimani. Dhoruba ikamkuta huko na akaponea chupuchupu. Ni kama embe bichi lililochanjwa kwa ajili ya chumvi na pilipili: liko mviringo vizuri, mpaka ulibonyeze.

Mpwa wangu ana dayopta 3 za kutoa, na miwani inamfikisha 6/6. Kwa karatasi ya Marekani kiti cha mbele hakipati, cha nyuma macho yake yanatosha. Kikwazo chake huko ni kwamba afisa wao lazima awe raia wao, jambo ambalo hakuna lenzi yake.

Kilichobaki ni rangi, na hapo miwani haitetei mtu. Kipimo cha vidoadoa vyenye namba ndani kilitungwa na Shinobu Ishihara kwa ajili ya jeshi la Japani, kikachapishwa mwaka 1917. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu 8 kati ya 100 huchanganya wekundu na ukijani. Kwa Waafrika tafiti chache zilizopo huonyesha pungufu ya hapo. Mtu wa namna hiyo hupata tabu kuona bibo jekundu katikati ya majani ya mkorosho. Na kasoro hiyo mwana wa kiume hairithi kwa baba, huipokea kwa mama, hivyo wa kutazamwa kwanza ni mjomba. Mpwa alipolijua hilo alinikalisha mimi mbele ya vidoadoa kabla yake. Namba zote nilizisoma. Akasema haimtoshi, kwa sababu bibi angeweza kunipa mimi nakala nzima na mama yake akampa ile nyingine. Ni kweli, na sikuwa na jibu, basi akavuta kiti naye akasoma.