Ada ya mwaka ya kadi ya mkopo: hesabu kabla ya kulalamika

Tunapokaribia Siku ya Haki za Wateja Duniani, Machi 15, dawati letu la wateja linaendelea kupokea malalamiko ya aina moja kutoka Malindi na Watamu. Mteja ameona ada ya mwaka imekatwa kwenye kadi yake ya mkopo ya daraja la juu, naye anataka arudishiwe kwa kuwa "sikuitumia". Ada hiyo haihusiani na matumizi. Hutozwa kwa kuwa na kadi, hata ikilala kabatini mwaka mzima, na ushuru wa serikali huongezwa juu yake. Yote hayo yamo kwenye masharti uliyotia sahihi.

La kuuliza ni kama marupurupu ya kadi yanaifidia ada hiyo kwa mtu anayeishi hapa. Tuchukue mfano wa kadi ya Sh10,000 kwa mwaka, inayotoa pointi moja kwa kila Sh100, na pointi hiyo ina thamani ya senti 50. Itakubidi upitishe Sh2,000,000 kwenye kadi ndipo pointi peke yake zirudishe ada. Hizo ni kama Sh167,000 kila mwezi. Sasa hesabu mwezi wako wa kawaida: samaki, tuktuk, fundi wa makuti, kodi ya nyumba. Vyote hivyo unalipa kwa M-Pesa au taslimu. Kinachobaki ni supamaketi, petroli na hoteli, na hapo ndipo wengi wetu hatufiki hata nusu. Pointi zenyewe nazo huweza kuisha muda.

Launji za uwanja wa ndege, yaani kumbi za abiria kupumzikia, ndizo zinazotajwa sana na wauzaji wa kadi. Ndege za Malindi ni za ndani, kwa hiyo launji utaionja Nairobi au Mombasa ukiwa na safari ndefu. Anayekwenda Umra mara moja kwa mwaka asijipigie hesabu kwa bei ya kwenye brosha. Ajiulize angetoa shilingi ngapi mfukoni mwake kama hangekuwa na kadi. Wengi wangenunua chai na maji, basi.

Bima ya safari ina uzito zaidi, hasa kwa familia zenye jamaa Italia. Visa ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na baadhi ya kadi huifikia. Lakini mara nyingi bima hiyo huanza kufanya kazi tu ikiwa tiketi imelipwa kwa kadi hiyo hiyo. Tiketi ikilipwa na shemeji aliyeko Milano, huna bima. Na cheti chake huombwa benki kabla ya miadi ya visa. Tafadhali msije asubuhi ya miadi.

Hesabu yote hii huvunjika ukibeba deni. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, deni la Sh80,000 linakula Sh2,800 kila mwezi. Kufikia mwezi wa nne umeshalipa zaidi ya ada yenyewe. Kiwango cha chini cha malipo hukuepusha na faini ya kuchelewa, hakikuepushi na riba. Na ukitoa pesa kwa ATM kwa kadi ya mkopo, riba huanza siku hiyo hiyo, pamoja na ada ya kutoa. Wanaojiepusha na riba hutuuliza kama kulipa lote kwa wakati kunatosha. Hilo ni la masheikh. Sisi twaweza tu kusema kwamba zipo kadi za Kiislamu zinazotoza ada badala ya riba.

Kama kadi haikufai, kuikata kwa mkasi si kuifunga. Tumelisema mara nyingi. Andika barua au barua pepe ya kufunga akaunti, taja tarakimu nne za mwisho pekee, lipa salio lote pamoja na miamala ambayo haijaingia, hamisha malipo yanayojikata yenyewe, kisha omba barua ya kutodaiwa na uitunze. Ada iliyoachwa bila kulipwa ni deni kama deni jingine. Mkopeshaji anatakiwa kukuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina lako CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na taarifa mbaya hubaki huko miaka mitano tangu deni lilipwe. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Itumie.

Ukiamua kubaki nayo, wasiliana na benki mwezi mmoja kabla ya tarehe ya ada, uulize kama inaweza kusamehewa. Baadhi ya benki humsamehe mteja aliyefikisha kiwango fulani cha matumizi, lakini nyingi hazimwambii asipouliza. Ulizia pia kadi ya nyongeza ya mke au mume, kwani mara nyingi nayo ina ada yake.