Mada za Utafiti Hazitoki Kwenye Mwongozo wa Maswali

Wanafunzi wengi wa uzamili wa vyuo vya Moshi na Arusha hupanda Kibosho, Machame au Monduli kufanya mahojiano, wakarudi na saa nyingi za sauti. Kukusanya wanajua. Kwenye uchambuzi ndipo wanapokwama, na kosa ninaloliona mara nyingi katika rasimu zao ni kugeuza maswali ya mwongozo kuwa mada za matokeo. Aliuliza bei, akaandika mada "Bei". Aliuliza ardhi, akaandika "Ardhi". Huko ni kupanga majibu tu, uchambuzi bado.

Tubuni mfano wa utafiti kuhusu vijana na kilimo cha kahawa. Kijana mmoja, akiulizwa kazi za shamba, anasema: "Ile mibuni ni ya mzee, nikiigusa naulizwa." Mwingine, akiulizwa mtaji, anajibu: "Nikipanda leo navuna baada ya miaka 3, na sijui hicho kihamba atapewa nani." (Kihamba ni shamba la ukoo la Wachaga.) Ukiwatenganisha kwa maswali yao, hutaona kwamba wote wanalia na jambo moja: kijana haweki nguvu zake kwenye shamba asilo na kauli juu yake. Hiyo sasa ni mada. Inadai jambo, na msomaji anaweza kuipima kwa ushahidi.

Ili kufika hapo, nukuu sauti neno kwa neno, yaani andika kila kilichosemwa kwenye rekodi. Aliyeongea Kichaga anukuliwe kwa Kichaga kwanza, tafsiri ifuate. Soma nukuu zote kabla hujaweka alama yoyote. Kisha kila kipande chenye maana kipe msimbo mfupi, yaani neno au maneno machache ya kukitambulisha, kusanya misimbo inayokaribiana, jaribu mada, rudi kwenye nukuu uone kama inasimama. Njia hii, iitwayo uchambuzi wa mada, waliifafanua wanasaikolojia Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006 kwa hatua 6, lakini usidhani zinafuatana kama ngazi. Utarudi nyuma mara nyingi. Programu kama NVivo hutunza misimbo, kufikiri ni kazi yako. Kwa mahojiano machache, karatasi na kalamu za rangi zinatosha kabisa.

Mtafute pia anayekupinga. Kama yupo kijana aliyekabidhiwa shamba na bado akaacha kahawa, huyo ndiye wa kumsoma kwa makini zaidi, maana huenda mada yako inahitaji kurekebishwa. Na tafadhali usiandike "asilimia 60 ya washiriki" wakati ulihoji watu 10 uliowachagua kwa makusudi.

Linda pia washiriki wako wasitambulike. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kufuta jina pekee hakutoshi. Ukiandika "mwenyekiti mstaafu mwenye duka karibu na kanisa", kijiji kizima kimeshamjua. Maelezo ya namna hiyo yabadilishe mapema, wakati unanukuu, na orodha ya majina halisi uitunze mbali na nukuu zenyewe.