Komuni yenye watu sifuri kando ya mto Meuse

Kila mwisho wa mwaka INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa, hutangaza idadi rasmi ya watu wa kila komuni. Komuni ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa kule. Ziko karibu 35,000, na nyingi zina watu wachache kuliko kijiji cha kawaida cha Tanzania. Namba 55139 katika orodha yao ni Cumières-le-Mort-Homme, ukingo wa kushoto wa mto Meuse, si mbali na mji wa Verdun. Wakazi: 0.

Wanaojifunza kazi ya majedwali ya takwimu wakikutana na sifuri hiyo hudhani karani kasahau kujaza. Hapana, hiyo ni hesabu halali. Komuni zenye watu chini ya 10,000 huhesabiwa nyumba kwa nyumba mara moja kila miaka 5, kwa zamu, si kwa mkupuo mmoja nchi nzima kama sensa yetu ya Agosti 2022. Cumières haina hata mlango mmoja wa kupigia hodi.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwepo watu wapatao 200. Mwaka 1916 mapigano ya Verdun yakavuka hadi ukingo huu wa mto, na mizinga ikakisaga kijiji chote. Vita vilipokwisha, ardhi ilikuwa imejaa makombora yasiyolipuka, sumu na mifupa ya askari. Serikali ikaona kuirudisha kwenye kilimo ni kazi isiyolipa, ikainunua na kuipanda msitu. Kujenga nyumba hapo hairuhusiwi, kwa hiyo sifuri haitarajiwi kubadilika.

Lakini kisheria kijiji hakikufutwa. Mkoa wa Meuse una komuni 6 za namna hii: Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Fleury, Haumont na Louvemont. Komuni ya kawaida yenye watu chini ya 100 huchagua madiwani 7. Hizi hazina mpiga kura, hivyo prefe, mwakilishi wa serikali kuu mkoani, huteua kamati ya watu 3, na mwenyekiti wake ndiye anayefanya kazi za meya: kutunza mnara, kanisa dogo la kumbukumbu na rejista ya vizazi na vifo. Meya bila raia! Wapo wanaoona ni kupoteza karatasi. Mimi naona ni uamuzi wa heshima, na gharama yake ni ndogo.

Usumbufu unatupata sisi watu wa majedwali. Ukitafuta bajeti kwa kila mkazi, unagawanya kwa sifuri na programu inakugomea. Wengi huamua kuzifuta safu za komuni hizo 6 kimyakimya, halafu jumla ya komuni haiwiani tena na ya serikali. Ziache. Kwenye viwango vya kila mkazi acha nafasi wazi, kwenye idadi ya watu andika 0, na chini ya jedwali eleza kwa nini.