Wakili wa kesi za uzembe wa hospitali Uingereza: wanavyosema watu na ilivyo kweli

Mimi huwa nawatafsiria Waswahili wenzetu wanapoenda kuonana na mawakili huku England kuhusu kesi za hospitali, na kila nikikaa kwenye kikao nasikia maneno yaleyale, mengine yananiuma kabisa maana yanawakosesha watu haki yao. Naongelea England na Wales tu, Scotland wana mahakama zao na utaratibu wao.

Kwanza hili, "daktari alikosea, basi nimeshinda". Hapana jamani, na hapa ndo wengi wanapoumia. Kukosea ni nusu ya safari, nusu nyingine uonyeshe kosa hilohilo ndo limekuletea madhara. Kuna kesi ya Barnett, kila anayesoma sheria kule anaijua: tarehe 1 Januari 1966 walinzi watatu wa usiku walikunywa chai wakaanza kutapika, wakaenda hospitali, nesi akampigia daktari simu, daktari naye anaumwa, akasema warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafariki masaa machache baadae, kumbe chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Jaji akasema kweli hapo pana uzembe, alitakiwa amwone mgonjwa. Lakini hata angemwona na kumlaza, tiba isingewahi, angekufa vilevile. Mjane hakupata kitu. Mimi kesi hii kila nikiielezea naona uso wa mtu unabadilika, ila ni bora ajue mapema.

Na kipimo ni uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba kosa ndo limeleta madhara. Mwaka 2005 kuna mgonjwa alikosa fidia, alikuwa na uvimbe kwapani, daktari akamwambia ni mafuta tu, ikapita kama miezi 9 ndo ikajulikana ni kansa, nafasi yake ya kupona ikashuka toka asilimia 42 mpaka 25. Majaji wa juu kabisa waligawanyika 3 kwa 2, wakasema tangu mwanzo hakuwa na nafasi ya zaidi ya nusu, kwaiyo haiwezi kusemwa ule ucheleweshaji ndo ulimnyima kupona. Binafsi naona ni sheria ngumu sana, lakini ndo iliyopo.

Halafu kuna "daktari mwingine kaniambia yeye asingefanya vile". Hiyo peke yake haitoshi. Toka kesi ya Bolam ya 1957, kama lipo kundi la madaktari makini wa fani hiyo ambao wangefanya kama daktari wako, basi hajazembea. Ila 1997 ikaja Bolitho, majaji wakasema maoni ya hao wataalamu lazima yaingie akilini, wakishindwa kuyatetea kwa hoja jaji anaweza kuyakataa. Na kwenye swala la kuelezwa hatari kabla ya matibabu, kesi ya Montgomery ya 2015 ilibadilisha kabisa. Mama mwenye kisukari hakuambiwa kwamba kuna hatari ya asilimia 9 mpaka 10 ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua, na ikatokea kweli, mtoto akaumia. Siku hizi kinachoangaliwa ni kile ambacho mtu wa kawaida katika hali ya mgonjwa huyo, au mgonjwa mwenyewe, angeona ni muhimu kujua.

Sasa wakili mwenyewe. Uingereza wako aina mbili, kuna solisita ambae ndo unampigia simu na kumtumia makaratasi, na kuna barista anaesimama mahakamani. Watu wanadhani barista kazi yake ni kuvaa joho na kubishana kutwa, kumbe muda mwingi yuko na faili la matibabu, kurasa mia kadhaa, wakati mwingine elfu kadhaa, anatafuta saa ngapi mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka na mkunga aliandika nini. Kesi nyingi zinaisha kwa makubaliano bila kufika kwa jaji. Kwenye kikao atawauliza madaktari wataalamu wanaotoa maoni kwa upande wenu maswali makali mpaka unajiuliza huyu yuko upande wangu kweli? Yuko. Anaijaribu kesi kabla wa upande wa pili hawajaijaribu. Na ukisikia mwezi jana alikuwa anaitetea hospitali kwenye kesi nyingine usishtuke, ndo kazi yao ilivyo, wengi wanafanya pande zote.

"Sitaki kumfunga daktari wa watu." Hii naisikia sana kwa wamama zetu. Kesi ya fidia haimfungi mtu na haimnyang'anyi leseni, leseni ni mambo ya baraza la madaktari na jinai ni polisi. Kwenye hospitali za serikali za England hela inatoka kwenye mfuko unaosimamiwa na NHS Resolution, shirika la serikali linaloshughulikia madai dhidi ya hospitali hizo, haitoki mfukoni kwa daktari.

Hela ya wakili nayo inawatisha watu bure, kesi nyingi wanachukua kwa mpango wa ukishindwa humlipi. Ukishinda anaweza kukata ada ya ushindi kwenye fidia yako lakini ada hiyo ina ukomo, asilimia 25, na ile fidia ya matunzo ya baadae haiguswi kwenye hesabu hiyo. Rekodi zako za matibabu kuziomba ni bure.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Mtu anasema ni mipango ya Mungu, anakaa, na kisheria una miaka 3 toka tukio au toka ulipojua. Mtoto saa yake inaanza akifika 18, kwaiyo ana mpaka 21. Asiyeweza kujiamulia mambo saa haihesabu kabisa maadamu yuko katika hali hiyo. Kuna mama mmoja kijana wake ana utindio wa ubongo toka kuzaliwa, hawezi kujiamulia kitu, ana miaka 23, watu walishamwambia amechelewa. Nilipomtafsiria maneno ya wakili kwamba saa ya mwanae haijaanza hata kuhesabu, aliniomba nirudie, nikarudia, akaniomba tena.