Neno sahihi kwenye Kiingereza, maana yake nini hasa?

Mzee wa mtaani akiondoka hakuna mtu atasimama msibani aseme "mzee kadanja". Wote tunajua kudanja ni kufa, pumzi imekata basi, ila ukitamka hivyo mbele ya wafiwa utaondolewa hapo na mtaa mzima utakusema wiki nzima. Mbuzi kafa, mzee kafariki, kwenye matangazo ya vifo redioni katangulia mbele za haki, na kijiweni huko ndo kadanja. Hakuna aliyetukalisha darasani akatufundisha hilo, tumekua nalo tu. Hiyo akili ya kujua kwamba maneno manne yanasema kitu kimoja lakini kila moja lina mahali pake ndo inaitwa uteuzi wa maneno, wale waliosoma fasihi wataikumbuka kama uteuzi wa msamiati. Ajabu yake tukishika kalamu kuandika Kiingereza hiyo akili tunaiacha getini, tunaingia na kamusi peke yake.

Kwahiyo mtu akikwambia neno ulilotumia "sio sahihi" anaweza kuwa anamaanisha vitu tofauti kabisa. Inawezekana umekosea maana yenyewe, umeandika "affect" ulipotaka "effect", hayo ni ya kukariri tu yanaisha siku moja, sitakaa nayo. Au maana iko sawa ila neno lina harufu mbaya. "Famous" na "notorious" wote ni maarufu, ila "notorious" ni maarufu kwa ubaya, jambazi sugu, mla rushwa anayejulikana mji mzima. Niliwahi kuona kadi ya kumuaga bosi anayestaafu imeandikwa "our notorious leader", na aliyeandika alikuwa anampenda yule mzee kwa moyo wote. Hivyohivyo "cheap". Ukiweka kwenye tangazo la gesti yako "cheap rooms" mteja wa nje anaweza kusikia vyumba vya hovyo, wakati we ulitaka kusema bei nafuu, hapo "affordable" lingekubeba. Na dada ukimwambia yuko "slim" atatabasamu, ukimwambia yuko "skinny" umemwambia amekonda, jiandae.

Sasa mi naona makosa yetu mengi hayatoki huko. Yanatoka kwenye Kiswahili chenyewe, pale ambapo sisi tuna neno moja na Mwingereza kalikata vipande.

Chukua kuazima. Kwetu ukisema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwa Asha" neno ni lilelile, anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. Kiingereza kimetenganisha, anayetoa ni "lend" anayepokea ni "borrow", ndo maana "borrow me your pen" imejaa kila shule, mtoto hajakosa akili, ametafsiri sahihi kabisa kutoka kichwani kwake. Alafu kuna kusikia. Sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu, hilo sikio letu linafanya kazi za mwili mzima. Kwa Mwingereza sauti ni "hear", harufu ni "smell", njaa na baridi ni "feel", au anasema tu "I am hungry" anamaliza. Ukimwandikia daktari wa nje kwamba unasikia maumivu mgongoni ukatumia "hear" atakupeleka kwa daktari mwingine wa aina tofauti.

Mkono nao. Mkono wa Mswahili unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Kiingereza kuna "arm" na kuna "hand", "hand" ni kuanzia kwenye kiwiko cha mkono pale unapovaa saa kushuka chini. Mguu vilevile una "leg" na "foot", na kidole kimegawanywa, cha mkono "finger" cha mguu "toe". Unaweza kuona ni utani ila fikiria maelezo ya ajali, au barua ya madai ya bima, mtu kavunjika juu ya kiwiko cha katikati alafu kaandika "hand", picha ya eksirei inaonyesha kingine, hapo mtu wa bima kapata sababu ya kukuzungusha. Hata hicho kiwiko nilichosema mara mbili hapo juu, umeona nilivyolazimika kukielezea, maana kuna sehemu wanaita kiwiko hiki cha katikati na kuna sehemu wanaita cha saa. Kila lugha ina mahali pake inapobana na mahali inapolegea.

Ila baba lao ni kuomba. Tunaomba Mungu, tunaomba kazi, tunaomba samahani, tunaomba chumvi mezani, na yule anayekaa mataa naye anaomba. Kiingereza ni "pray", "apply", "apologise", "ask for", "beg", kila moja mlango wake. Nimesaidia watu wengi kurekebisha barua za kazi na hakuna mwaka unaopita bila kukutana na mtu "anayebeg" nafasi ya uhasibu. Anayesoma ofisini haoni unyenyekevu, anaona mtu aliyekata tamaa. Na ukishaandika "apply" usisahau "for", "apply for the post". Kwa "request" ni kinyume, kikiwa kitenzi hakitaki "for", unaandika "I request leave" basi, sawa na "discuss" ambayo sisi wote tunaibandika "about" nyuma yake wakati haiitaki.

Halafu kuna neno ambalo sisi Waafrika Mashariki tumelipa kazi yetu wenyewe, "severally". "I have called you severally", yaani nimekupigia mara nyingi. Ukikaa Nairobi siku moja utalisikia hilo. Tukiongea wenyewe kwa wenyewe hakuna shida, tunaelewana, na mimi sio wa kumcheka mtu kwa hilo. Shida ni kwamba Kiingereza cha sheria kinalo neno hilohilo kwa maana nyingine, kila mmoja peke yake, na linakaa kwenye mkataba ambao pengine ushausaini. "Jointly and severally liable". Mmemdhamini mwenzenu watatu mkopo wa milioni 9, mkopaji kakimbia, wadhamini wawili nao simu hazipatikani, mkopeshaji ana haki ya kuja kwako wewe peke yako kudai milioni 9 zote, sio milioni 3 "zako". Ndo kazi ya "severally" pale. Ukitaka kurudishiwa utawatafuta wale wenzio mwenyewe. Mtu anayesoma pale akaona "mara kwa mara" atajua anadaiwa mara kwa mara, basi.

Kuna watu watasema aaah, mradi tumeelewana. Kwenye chati za WhatsApp kweli, mradi tumeelewana. Ila tarehe 25 Januari 1990 kuna ndege ya shirika la Avianca ilitoka Colombia kwenda New York, hali ya hewa mbaya, ikazungushwa hewani muda mrefu ikisubiri zamu ya kutua na mafuta yanaisha. Marubani lugha yao Kihispania. Kwenye redio waliomba "priority", wakasema mafuta yanawaishia, ila neno "emergency" halikutamkwa. Kwa waongoza ndege "priority" na "emergency" sio ndugu, la pili ndo linalofanya kila kitu kisimame ushushwe wewe, na mafuta kupungua usiku wa foleni ile ni kitu kila rubani anaweza kulalamikia. Ndege ikajaribu kutua ikashindwa, ikarudi juu, mafuta yakakata, ikaanguka Cove Neck, Long Island. Walikuwemo watu 158, wakafa 73. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ila hilo neno moja ambalo halikusemwa lilitajwa kwenye uchunguzi. Na angalia, yule rubani hakukosea sarufi wala hakukosa msamiati. Alichukua neno la jirani.

Hata wenyewe wenye lugha yao wanachanganyana. Kuna neno "inflammable", kitu kinachoshika moto kirahisi. Linatoka Kilatini, na ile "in" ya mbele hapo maana yake ni kuingia kwenye moto, ila watu wamezoea "in" ya kukanusha, kama "incorrect" sio sahihi, kwahiyo mtu anasoma kwenye pipa "inflammable" anajua hakiwaki, anawasha sigara. Miaka ya 1920 watu wa kinga ya moto Marekani wakaanza kusukuma litumike "flammable", fupi, halina "in", halina utata. Leo kwenye malori mengi ya mafuta utaona "flammable". Na Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliwahi kusimulia jinsi Waingereza na Wamarekani kwenye Vita Kuu ya Pili walivyobishana muda mrefu kikaoni juu ya kuli-"table" jambo fulani, kwa Mwingereza ni kulileta mezani lijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuliweka pembeni, kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Kwahiyo kabla hujachagua neno jiulize na anayesoma ni Mwingereza wa wapi.

Kitu kingine kinachotuponza ni kupenda neno kubwa. Tunaona neno refu ndo usomi. Ila maneno ya Kiingereza yana historia kama ya kwetu. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaitawala Uingereza, mabwana wakawa wanaongea Kifaransa, kanisa na wasomi Kilatini, mkulima akabaki na Kiingereza chake. Ndo maana kuuliza kuna "ask" ya mkulima, kuna "question" iliyotoka Kifaransa, na kuna "interrogate" ya Kilatini. Sasa ukiandika "I interrogated my teacher about the exam" we unaona umepanda daraja, msomaji anaona mwalimu kafungwa pingu kwenye kiti, taa inammulika usoni.

Na hapo ndo vile vitabu vya visawe, yaani maneno yenye maana zinazokaribiana, vinapotuua, siku hizi ni kubofya tu kwenye simu. Aliyetengeneza kile maarufu, Peter Mark Roget, alikuwa daktari, akakitoa mwaka 1852, akayapanga maneno kwa mawazo yanayofanana na hakuweka maelezo ya maana. Ni kama kukuwekea nguo zote za rangi moja kwenye kamba moja, sare ya shule, joho la harusi na aproni ya bucha. Kama nguo unazijua tayari itakukumbusha unayoitaka. Kama huzijui utavaa aproni ya bucha kwenye harusi.

Mimi nikikwama natumia kamusi ya wanaojifunza, sio ile kubwa ya wenyewe. Mwingereza mmoja, A. S. Hornby, alikuwa anafundisha Kiingereza Japani na kamusi yake ya kwanza ilitoka huko huko Tokyo mwaka 1942, baadae Oxford wakaichukua, ndo baba wa ile ya wanafunzi tunayoijua madukani. Ilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao Kiingereza hatukunyonya. Usiangalie maana tu ukafunga, soma zile sentensi za mfano, na angalia herufi ndogo pembeni. Kwenye "advice", "information" na "furniture" utakuta U, maana yake haihesabiki, kwahiyo "advices" na "furnitures" tuziache, hata kama sebule yako ina makochi sita.

Na kwenye hiyo mifano utaona neno linatembea na nani. Mvua ya nguvu ni "heavy rain", upepo wa nguvu ni "strong wind", chai iliyokolea ni "strong tea", na ukiibadilisha ukasema "strong rain" utaeleweka ila watajua umekuja juzi. Ukiuliza kwanini mvua ni nzito na upepo una misuli hawana sababu, ndo wanavyosema. Usiwashangae, na sisi mtu akituuliza pasi ilikosea nini mpaka kila asubuhi ipigwe hatuna jibu.