Betri ya boti hufia nchi kavu

Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mkubwa, kwa sababu taa ya kuvutia dagaa haina kazi usiku wenye mbalamwezi. Giza likirudi, betri zilizokufa huanza kuletwa karakana yetu ya mafunzo. Mwenye boti husema iliachwa nzima, imepumzika tu siku kumi. Ukimuuliza iliachwa imejaa au imebaki nusu, hujibu kwamba walirudi asubuhi, wakauza dagaa, wakaenda kulala. Hapo kwenye kupumzika ndipo ilipofia.

Betri ya asidi inapotoa umeme, bamba zake za risasi hupakwa salfeti. Ikiwa bado changa, salfeti hiyo huyeyuka betri inapochajiwa. Ikiachwa siku nyingi inagandamana na kuwa fuwele ngumu, na eneo lililofunikwa halifanyi kazi tena. Betri ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kubeba) inakuwa ya 60, kisha 40, ingawa kwa nje inaonekana ileile. Kwa hiyo nunua mita ya kupimia volti kabla ya kununua taa ya ziada. Pima betri ikiwa imetulia saa chache bila taa wala chaja: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na chini ya 11.9 imekwisha. Ukipima mara tu inapotoka kwenye chaja, mita itakuonyesha namba ya kufurahisha isiyo ya kweli. Vibanda vinavyochaji haraka kwa saa mbili vinarudisha betri kwa namba hiyo. Asilimia 20 ya mwisho huingia polepole, na ndiyo inayozuia salfeti kuganda.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Chukua taa tatu za LED za wati 20 kila moja. Jumla ni wati 60, ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 5. Ukiziwasha kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, saa kumi, umetumia ampea-saa 50. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo unahitaji ya ampea-saa 100, tena ile yenye bamba nene iliyotengenezwa kutoa umeme polepole. Ya gari ina bamba nyembamba za kuwashia injini; ukiishusha kila usiku, itachoka upesi.

Je, ampea-saa 50 hizo zinarudi vipi? Paneli ya sola ya wati 100 hutoa ampea 5 na nusu hivi jua likiwa kali, na mchana mzima ni sawa na saa tano za jua la namna hiyo. Unapata 27 hivi. Anza na betri iliyojaa, toa 50 kila usiku, rudisha 27 kila mchana: usiku wa nne unabaki gizani. Mvuvi anailaumu betri, kumbe paneli ndiyo ndogo. Kwa kazi hiyo mimi hushauri wati 300, kwa sababu kuna mawingu, vumbi, na umeme kidogo unaopotea wakati wa kuchaji. Kati ya paneli na betri tumia kidhibiti chaji kinachopandisha hadi volti 14.4 kisha kushuka hadi 13.6 betri ikijaa, na uunganishe betri kwanza, paneli baadaye. Usiitegemee mashine ya boti ikuchajie. Mashine nyingi ndogo za kuvuta kamba hazichaji kabisa, na baadhi hutoa umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo kila mara, ambao bila kigeuzi na kidhibiti chake utaharibu betri.

Waya nao hula umeme. Toka betri iliyo tezi (nyuma ya chombo) hadi taa iliyo omo (mbele) ni mita 6, lakini umeme huenda na kurudi, hivyo ni mita 12. Kwa ampea 5, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza volti 0.7, wa 4 unapoteza chini ya 0.3. Chagua shaba iliyopakwa bati, ubane viungo kwa vishikio vyake na kuvifunika kwa mpira unaojibana kwa joto. Kusokota na kufunga tepu baharini hakudumu. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa chanya cha betri. Kazi yake ni kuulinda waya usiungue, kwa hiyo kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kualika moto kwenye chombo chenye petroli.

Tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji hufuata njia hiyohiyo, pamoja na mvuke wa petroli ulio mzito kuliko hewa. Betri isikae ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Iwekwe juu, kwenye sanduku lenye matundu, ifungwe kwa mkanda, mbali na madumu ya mafuta. Inapochaji hutoa haidrojeni inayolipuka, na asidi yake ikikutana na maji ya bahari hutoka klorini, gesi ya sumu.

Ukiweza kununua betri mbili, fanya hivyo. Kubwa iwe ya taa za kuvulia, na ndogo iachiwe pampu, simu na taa ya kuonekana. Hiyo ndogo usiiguse kwa kazi nyingine, hata dagaa wakiwa wengi kiasi gani. Bila taa hiyo meli haikuoni, na saa 10 alfajiri ndipo betri ya kuvulia inapokuwa imechoka.

Betri za lithiamu zinakuja kwa kasi na ni nyepesi, unaweza kutumia asilimia 80 ya umeme wake. Kidhibiti kiwe na mpangilio wake. Kwenye mapumziko ya mbalamwezi iache ikiwa nusu, kinyume cha ya asidi. Ya asidi ijaze, itoe nyaya zake, uiongeze maji yaliyosafishwa (kamwe si asidi) yakiwa yamepungua, kisha uipime tena siku moja kabla ya kurudi majini.